Makasha ya Bahati katika Michezo ya Simu: Ni Biashara au ni Kamari?

 

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulipokuwa twakunja vitabu vya darsa, alitujia mzee mmoja wa mtaa wetu akiwa na kijana wake wa miaka kumi na sita. Mzee alikuwa ameghadhibika. Akasema: "Maalim, huyu ametumia shilingi 3,400 kwa mwezi mmoja katika mchezo wa simu, na simu yenyewe ni ya mamake. Mimi nasema ni kamari. Yeye asema si kamari. Nataka utuhukumu hapa hapa."

Kijana hakuwa mtovu wa adabu. Twamjua, amehifadhi juzuu kumi na mbili, na babake mwenyewe hakatai kuwa ni msikivu. Alitushika mkono, kisha akasema: "Maalim, kamari ni kutia pesa ili upate pesa. Mimi nikifungua kasha nikapata nguo ya mchezaji wangu, siwezi kuiuza, wala siwezi kuitoa nje ya ile simu. Sina ninachoshinda. Basi itakuwaje kamari?"

Tulinyamaza. Hakika ya mambo ni kuwa hatukuwa na jawabu, na tuliona ni aibu ndogo kusema hatujui kuliko aibu kubwa ya kusema tusilolijua. Tulimwomba mzee atupe muda wa wiki mbili.

Wako wenzetu walioona kuwa suala hili halina maana, na kuwa haifai watu wa darsa kujishughulisha na michezo ya watoto. Sisi hatukubaliani nao. Pesa zilizotoka ni pesa za kweli, zimetoka katika faida ya mahamri anayokaanga mama huyo kila alfajiri, na zimekwenda kwa matajiri wa ng'ambo ambao hatutawaona milele. Na kijana akija kuuliza kwa adabu kama alilolitenda ni haramu, si haki ajibiwe kwa makemeo. Sisi Waislamu wa pwani tumekwisha kuonja madhara ya kuharamisha kabla ya kujua. Wako wazee wetu waliozuia watoto wasipelekwe skuli kwa kukhofia dini yao, na wajukuu wa watoto hao ndio wanaolalamika leo kuwa wenzao wamewatangulia katika kila kazi.

Wanazuoni wa usuli hawamruhusu mtu kukihukumu kitu asichokijua sura yake. Basi tulimtaka kijana mwenyewe atufundishe, naye akatufundisha vizuri. Michezo hii wanayoicheza vijana wetu, kama Free Fire na PUBG Mobile, huchezwa bure. Mwenye mchezo hapati kitu kwa kuucheza, bali hupata kwa yale anayoyauza ndani yake: nguo, bunduki za rangi, magari, ngoma za kucheza baada ya kumshinda mwenzio. Vitu hivyo havinunuliwi moja kwa moja kwa shilingi. Kwanza hununua sarafu ya mchezo, na katika Free Fire sarafu hiyo huitwa almasi. Utalipa kwa M-Pesa, almasi zitaingia. Kisha almasi hizo zina njia mbili. Njia ya kwanza ni duka: nguo imetundikwa, bei yake imeandikwa, ukitaka utatoa almasi uichukue. Njia ya pili ni gurudumu au kasha: utatoa almasi, kasha litafunguka, na utakachokipata hukijui mpaka kimetoka. Pengine ni ile nguo adimu ambayo watoto wote wa mtaa waitamani. Mara nyingi ni kitu duni ambacho ungepewa bure usingekitaka.

Katika mchezo wa mpira uliokuwa ukiitwa FIFA, na tangu mwaka 2023 waitwa EA Sports FC, mambo ni yayo hayo: hununua pakiti ya wachezaji bila kujua ni nani aliyemo ndani. Na katika mchezo uitwao Counter-Strike kasha hupewa bure, lakini limefungwa kufuli, na ufunguo wake huuzwa dola mbili na nusu, kasoro senti.

Tulipoanza kutafuta tuliona ajabu, kwamba suala aliloliuliza mzee yule katika ukumbi wa msikiti limewashughulisha majaji na mabunge ya dunia kwa miaka mingi, na hawajaafikiana.

Uingereza, sheria yao ya kamari ya mwaka 2005 yataka kinachoshindaniwa kiwe ni pesa au kitu chenye thamani ya pesa. Tume yao inayosimamia kamari ilieleza mwaka 2017 kuwa ikiwa kilichotoka katika kasha hakina njia ya kugeuzwa kuwa pesa, basi kasha hilo haliingii katika sheria ile. Kamati ya bunge lao ilishauri mwaka 2019 kuwa makasha yatiwe katika sheria ya kamari, lakini mwezi wa Julai mwaka 2022 serikali ilijibu kuwa haitaibadilisha sheria, na kwamba wenye michezo wajirekebishe wenyewe. Basi kijana wetu, bila kujua, alikuwa akisema maneno yale yale ya serikali ya Uingereza, na tulipomwambia hivyo alitabasamu, babake akakunja uso.

Wabelgiji walikwenda njia nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 tume yao ya kamari ilitoa hukumu juu ya michezo mitatu, FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike, kuwa makasha yake yavunja sheria yao ya mwaka 1999. Hawakuuliza kama kitu kilichotoka chauzika. Waliuliza: Je, kuna mchezo? Kuna dau? Kuna kupata na kukosa? Bahati ina mkono wake? Walipoona yote manne yamo, walisema ni kamari. Mwezi wa Januari mwaka 2019 kampuni ya EA iliacha kuuza sarafu za mchezo wake wa mpira katika nchi hiyo.

Waholanzi, ambao ni majirani zao mlango kwa mlango, walianza kama wao wakamaliza kinyume. Wasimamizi wa kamari wa Uholanzi waliitoza EA faini iliyofika yuro milioni 10, na mahakama ya The Hague ikaipitisha faini hiyo mwaka 2020. Kisha mwezi wa Machi mwaka 2022 baraza lao kuu la hukumu liliitangua. Lilisema kufungua pakiti si mchezo wa kujisimamia peke yake, bali ni sehemu ya mchezo mkubwa wa mpira, na mchezo huo mkubwa ni wa ustadi, si wa bahati.

Na Marekani mahakama zao zimesema hili na lile. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilimkatalia mama mmoja wa Maryland aliyepoteza pesa katika gurudumu la mchezo uitwao Game of War; majaji walisema alichokishinda au kukikosa humo si pesa. Mwaka uliofuata mahakama nyingine ya rufaa, kwa sheria ya jimbo la Washington, ilisema kuwa sarafu za mchezo wa Big Fish Casino, ingawa haziuzwi, zina thamani, kwa sababu ndizo zinazompa mtu nafasi ya kuendelea kucheza. Kesi hiyo na nyinginezo za namna yake ziliishia mwaka 2020 kwa mapatano ya dola milioni 155.

Na sisi huku kwetu? Sheria ya Kenya ya mwaka 1966 ilifuata mwendo wa Waingereza, ikautazama mchezo wa bahati unaochezwa kwa ajili ya pesa au thamani ya pesa. Mwaka 2025 imekuja sheria mpya ya kamari kushika pahala pake. Mawakili wetu Waislamu wafanye hisani waisome na watufafanulie upande huu wa makasha, maana wao ndio wenye ujuzi huo.

Msomaji akiyakusanya haya yote ataona kuwa ugomvi wa mahakama unazunguka jambo moja: kile kilichotoka katika kasha, je, kina thamani? Anayesema kina thamani huita kamari, na anayesema hakina huita mchezo. Hata huko Washington, wasimamizi wa kamari walipoiamrisha kampuni ya Valve mwezi wa Oktoba mwaka 2016 ikomeshe vitu vya Counter-Strike kutumiwa kama chipu za kamari, ilikuwa ni kwa sababu visu na bunduki zile za picha zilikuwa na soko, na kisu kimoja chaweza kuuzwa kwa mamia ya dola, na pengine maelfu. Na Valve yenyewe mwaka 2019 ilifunga uuzaji wa funguo mpya baina ya wachezaji, ikasema kuwa karibu zote zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa za matapeli wanaosafisha pesa chafu. Hapo hapana shaka wala taabu. Chenye soko ni mali, na kukitafuta kwa kutia dau la bahati ni kamari, iwe katika kilabu au iwe chumbani.

Taabu iko katika kasha la kijana wetu, lile lisilotoa kitu cha kuuzika. Na hapa ndipo tulipoona kuwa sharia yetu haikuanza pale walipoanza wao.

Turudi kwenye maysir yenyewe, ile iliyokatazwa katika aya ya 90 ya Sura al-Maida pamoja na ulevi. Watu wengi wetu wasikiapo neno hilo hudhani Waarabu wa Jahiliyya walikuwa wakikaa na kete na mifuko ya dhahabu. Wenye tafsiri, akiwamo Zamakhshari, wameieleza sura yake. Walikuwa wakinunua ngamia na kumchinja na kumgawa mafungu. Kisha walichukua mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu yake, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, mpaka wa saba mafungu saba. Na mitatu ilikuwa mitupu. Mishale ilitiwa katika mfuko, ikatolewa mmoja mmoja kwa majina yao. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alipata nyama, na aliyetokewa na mtupu hakupata kitu na ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Sasa mwenye kushinda aliipeleka wapi nyama ile? Aliwapa maskini. Hakula hata pande moja. Walikuwa wakijifakhiri kwa hilo, na asiyeingia pamoja nao katika mchezo alidharauliwa na kuitwa bakhili.

Sisi tulikuwa tukiisoma khabari hii tangu ujanani kama hadithi ya watu wa kale, na hatukupata kuifikiri mpaka usiku ule. Nyama ilikuwa na thamani, hatukatai. Lakini aliyeshinda hakurudi nayo nyumbani. Alirudi na sifa tu, kwamba fulani ni karimu, fulani mshale wake ni wa bahati. Lau kuwa hoja ya "sina nilichoshinda cha kutia mfukoni" ingefaa kumhalalishia mtu, ingemfaa yeye kwanza, kwani pesa ilimtoka mwenzake na nyama ikaingia katika chungu cha fukara. Na Qur'ani katika Sura al-Baqara yakiri kuwa katika maysir mna manufaa kwa watu; haikuficha. Pamoja na hayo iliikataza.

Kisha tulimuuliza kijana: "Nguo hii uliyoipata, yakufaa nini?" Akasema haimwongezei nguvu katika mchezo hata kidogo. "Basi waitakia nini?" Akainama, kisha akasema kuwa watoto wa mtaani humcheka aliyevaa nguo za bure, wasimchukue katika kundi lao. Basi tazameni, ndugu zetu! Ni sifa ile ile na dharau ile ile, ila hapa hapana hata maskini aliyekula nyama.

Aya ya 91 inayofuata imetaja sababu, kuwa shetani hutaka kutia uadui na chuki baina ya watu kwa njia hiyo, na kuwazuia na kumtaja Mwenyezi Mungu na kusali. Haikutaja soko. Hatukumuuliza kijana khabari ya sala zake mbele ya babake, lakini mwenyewe alitwambia kuwa Magharibi imempita zaidi ya mara moja mkono uko katika gurudumu.

Iko hoja nyingine tuliyoiona ni nzito zaidi, nayo haipiti katika mlango wa kamari, bali katika mlango wa bei na shira. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kwa njia ya Abu Hurera (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikataza bei ya kijiwe na bei ya gharari. Bei ya kijiwe, kama walivyoieleza masheikh, ni mwenye nguo kuzitandaza nguo zake, na mnunuzi akatupa kijiwe. Itakayoangukiwa na kijiwe ndiyo iliyouzwa kwa bei waliyopatana. Na zilikatazwa pia bei za kugusa na za kutupiana, ambazo mtu alinunua nguo kwa kuipapasa gizani au kwa kurushiwa bila ya kuikunjua.

Zingatieni jambo moja ambalo lapita haraka katika masikio. Katika bei ya kijiwe mnunuzi hakuondoka mikono mitupu kamwe. Kila mara alipata nguo. Nguo hiyo ilikuwa yake kweli, aivae au auze. Wala hapakuwa na mshindi na mshindwa. Juu ya hayo ilikatazwa, kwa kuwa pesa zilijulikana na nguo haikujulikana, na mwenye duka amekifanya kutojua kwa mnunuzi ndiyo bidhaa yake.

Hili ndilo jawabu la mjumbe wa kampuni ya EA, aliyesimama mbele ya kamati ya bunge la Uingereza mwaka 2019, akakataa hata kuyaita makasha kwa jina lake, akayafananisha na mayai ya chokoleti ya Kinder ambayo mtoto hukuta ndani yake kidude cha kuchezea. Mfano wenyewe si wa kipumbavu, na kijana wetu alitupa mfano wa karibu zaidi: "Maalim, mbona dafu twanunua na hatujui maji yake kama ni matamu?"

Kweli. Gharari si ya namna moja. Imam Nawawi ametaja kuwa wanazuoni wameafikiana kuwa joho lililotiwa pamba ndani lajuzu kuuzwa, na pamba yenyewe haikuonekana. Dafu huliwezi kulijua ila kwa kulivunja, na ukilivunja umeliharibu. Muuzaji naye hajui kilichomo, wewe na yeye mko sawa, na ulichokuja kununua ni dafu na dafu umelipata. Katika yai la chokoleti mtoto anunua chokoleti, na kidude ni cha kufuata. Ama kasha, ondoa kule kutojua, kumebaki nini? Hakuna pamba, hakuna chokoleti, hakuna maji. Mwenye mchezo aijua nguo, ameichora mwenyewe, aweza kuitundika dukani kwa bei kama alivyozitundika nyingine, na angeitundika mtoto angeinunua mara moja akaondoka. Ameificha makusudi ili ainunue mara ishirini.

Wachina tangu mwaka 2017 wamewalazimisha wenye michezo waandike wazi nafasi za kupata kila kitu, kwamba hiki chatoka mara moja katika mia, na kile mara moja katika elfu. Ni jambo la insafu, na lapunguza udanganyifu. Lakini haliifanyi halali. Mishale ya Jahiliyya nayo ilijulikana hesabu yake, saba yenye mafungu na mitatu mitupu, kila mtu aliijua kwa majina. Mtu kuijua hesabu ya bahati si kukijua alichokinunua.

Wala hatuoni nguvu katika hoja ya Waholanzi. Kwa fiqhi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu huku pwani, kila akadi hutazamwa yenyewe. Mchezo wa mpira ni wa ustadi, tumekubali. Lakini kijana alipobonyeza kitufe cha kutoa almasi hapana ustadi wowote aliouonyesha. Amefanya akadi, akatoa iwadhi, na kilichonunuliwa hakijulikani dhati yake wala sifa yake. Na anayesema kuwa nguo ya simu si mali kwa kuwa haishikiki, sisi katika madhehebu yetu twahisabu manufaa kuwa ni mali. Mwenye kukodi nyumba hununua kukaa, na kukaa hakushikiki. Na kama atashikilia kuwa si mali kabisa, basi amejifunga mwenyewe, maana atakuwa amekiri kuwa pesa za mama wa mahamri zimetolewa bila ya badala yoyote.

Basi rai yetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi, ni hii. Kununua almasi, na kwa almasi hizo kununua nguo iliyotundikwa kwa bei iliyoandikwa, ni bei sahihi. Yaweza kuwa ni israfu, na israfu ina mlango wake, lakini si kamari. Kulipia kasha au gurudumu ni haramu. Kikitoka kitu kinachouzika ni kamari waziwazi. Kisipouzika ni bei ya gharari iliyokatazwa, na ugonjwa wa maysir umo ndani yake. Iwapo serikali zitaita kwa jina lolote, jina hilo lafaa kwa leseni na kodi.

Tuliketi na kijana tukaihisabu ile 3,400, kwani simu huhifadhi khabari ya kila ununuzi. Shilingi 1,100 zilikwenda katika nguo mbili za dukani. Shilingi 2,300 zilikwenda katika gurudumu. Tulimwambia mzee kuwa alikuwa na haki kwa zile elfu mbili na mia tatu, na kijana alikuwa na haki kwa elfu moja na mia moja. Ama namba ya siri ya M-Pesa, mamake alimpa anunulie bando, na hapo amekhini amana katika zote. Kijana alikubali papo hapo. Mzee ilimchukua muda.

Na tusiwaonee watoto. Usiku ule ule tulipotoka, katika baraza ya pili kutoka msikitini walikuwa wamekaa watu wazima, baadhi yao na misbaha mkononi, wakipanga mikeka ya mechi za Uingereza kwa simu zao. Hapana aliyewaleta kwetu tuwahukumu, wala hapana mahakama yenye shaka kuwa ile ni kamari. Mtoto amemuona ami yake akibonyeza simu na kungoja bahati tangu hajui kusoma. Wako wataalamu wawili wa Uingereza, David Zendle na Paul Cairns, walioandika mwaka 2018 baada ya kuwauliza wachezaji zaidi ya 7,000, kuwa wenye kutumia pesa nyingi katika makasha ndio wenye kusumbuliwa zaidi na uraibu wa kamari. Wenyewe walisema kuwa haijulikani kama kasha ndilo linalomvuta mtu katika kamari au mraibu ndiye anayelifuata kasha. Kwetu sisi pande zote mbili zatisha.

Khabari ya darsa ile ilipoenea walitujia wengine. Mwenye duka la simu alituuliza kama ajuzu kuwauzia vijana almasi. Tulimjibu kwa masala ya zabibu yaliyomo vitabuni: anayejua kuwa mnunuzi atazifanya ulevi haimjuzii kumuuzia, na anayeshuku tu basi ni makuruhu. Alisema hawezi kumjua kila mtoto. Tulimwambia awaulize wale anaowajua, nao wengi ni watoto wa jirani zake.

Aliyetutia mashakani zaidi ni kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeuza akaunti yake ya mchezo kwa shilingi 15,000. Thamani yake yote ilitokana na vitu vya makasha, na masharti ya mchezo yamkataza kuuza, aliyoyakubali bila kuyasoma. Pesa zile alimlipia dada yake karo ya skuli. Alikuwa akilia alipokuja. Baadhi yetu katika darsa walisema azitoe zote kwa maskini hata kwa kukopa. Sisi tuliona tofauti: Mwenyezi Mungu amemwachia mla riba yaliyopita, akifikiwa na mawaidha akaacha; na huyu alitenda kwa kutojua, pesa zimekwisha, na aliyekula matunda yake ni msichana asiye na makosa. Tulimwambia aache na asirudie, na kadiri atakavyoweza huko mbele atoe sadaka, kama alivyoamrishwa na Mtume (s.a.w.) hata yule aliyemwita tu mwenzake waje wacheze kamari. Anayetuona tumelegeza atuandikie kwa dalili.

Ama kijana wa mahamri, amemlipa mamake shilingi 900 mpaka sasa kwa kumpelekea mahamri madukani kabla ya kwenda skuli. Juma lililopita alitujia na suala jipya. Mchezo humpa kasha moja kila siku bure, halipii hata senti, na yeye hulifungua. Hakuna dau wala hakuna bei, basi kamari iko wapi, na gharari iko wapi katika zawadi? Tumekiri mbele yake kuwa katika zawadi masheikh wamesamehe yasiyosamehewa katika bei. Kisha tukamuuliza ni kwa nini mwenye mchezo ampe bure kila siku, akasema: "Ili nisisahau kurudi, Maalim." Bado twalitafutia jawabu, na tumemwambia angojee mpaka darsa ya mwezi ujao.